Viumbe wa sayari Tanzanite

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na sababu ni kazi moja niliyopewa gazetini ambayo ilinikalia kooni kama mwiba wa changu.

Mhariri wangu alinisimamisha kwenye ngazi. "Wewe si ndiye mwenye mambo ya nyota? Nitengenezee ukurasa wa Jumapili kuhusu ile sayari yenye jina letu. Ikoje, viumbe wake wakoje, wanakula nini. Usipopata, buni. Lakini ubuni vizuri." Maneno 800, na mchoraji atatia picha. Nikasema sawa bosi, nikapanda daladala nikarudi zangu Mpendae. Nikawasha kompyuta, umeme ukakatika. Pengine ilikuwa ishara.

Kwanza niwaeleze hiyo sayari, maana nikiuliza barazani kwetu hakuna anayeijua. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wataalamu wa Nyota ulitimiza miaka 100, na katika kusherehekea ukazipa nchi kila moja nyota yake na sayari yake wazipe majina. Watu zaidi ya 780,000 walishiriki, na Disemba ya mwaka huo yakatangazwa majina kutoka nchi 112. Sisi Tanzania tulipewa nyota iliyokuwa ikiitwa WASP-71. Ikawa Mpingo, na sayari yake ikawa Tanzanite. Wakenya walichukua maneno ya Kijaluo, nyota yao Kalausi, upepo ule wa kuzunguka, na sayari Buru, vumbi. Wahabeshi wakaita nyota Buna, kahawa, na sayari Abol, yaani mkupuo wa kwanza wa kahawa. Mimi kama mnywaji kahawa wa barazani nakiri kwamba hapo Wahabeshi wametuzidi.

Sina ugomvi na Mpingo. Lakini jina Tanzanite lina safari yake. Jiwe lenyewe lilipatikana Mererani mwaka 1967, na aliyelibatiza ni kampuni ya vito ya Tiffany ya New York, mwaka 1968. Kwa hiyo sayari ina jina la jiwe, jiwe lina jina la nchi, na nchi ilipata jina lake Oktoba 1964 baada ya pande mbili kuungana. Jiwe hilo Unguja hatuna hata punje. Ila ile "zan" iliyo katikati ya neno ni sisi. Herufi tatu za Zanzibar zimefika mbinguni, tushukuru.

Ukitaka kujua iliko, toka nje usiku usio na mwezi, kati ya Novemba na Januari. Kuna nyota hafifu iitwayo Alrescha, jina la Kiarabu lenye maana ya kamba ya kutekea maji kisimani. Nyoosha mkono, pima upana wa kidole gumba na ziada kidogo kutoka kwenye nyota hiyo. Mpingo iko hapo, ndani ya kundi ambalo Wazungu huliita Nyangumi, na kwa hapa kwetu inapita karibu na utosini kabisa. Huwezi kuiona kwa macho matupu, inataka darubini ndogo. Sayari yenyewe haionekani kwa darubini ndogo wala kubwa.

Sasa ilionwaje? Hapa ndipo mimi kama mtu wa gazeti nilipofurahi. Mradi wa WASP ulikuwa na kamera katika sehemu mbili, kisiwa cha La Palma na Sutherland huko Afrika Kusini. Kila sehemu ilikuwa na kamera nane, na lenzi zake ni Canon za milimita 200, jamii ya zile wanazobeba wapiga picha wetu wanapokwenda Amaan kupiga mpira. Kamera zile hazitafuti sayari. Zinapima mwanga wa maelfu ya nyota usiku baada ya usiku, zikingoja nyota moja ififie kidogo sana, chini ya asilimia moja, kisha irudi kama ilivyokuwa. Ikifanya hivyo kwa saa zile zile, tena na tena, ujue kuna kitu kinapita mbele yake. Mpingo inafifia kila baada ya siku mbili na saa 21 na ushei. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba kinachopita ni sayari.

Wasifu wake basi, kwa kile kinachojulikana. Ni dude la gesi, lina uzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, na Mshtarii peke yake ina uzito wa dunia yetu mara 318. Liko kilomita kama milioni 7 tu kutoka kwenye nyota yake. Utaridi, sayari iliyo karibu kabisa na jua letu, iko kwenye milioni 58. Kwa hiyo joto lake kwa mahesabu ni karibu nyuzi 1,800 za sentigredi. Chuma huyeyuka kwenye 1,538, dhahabu mapema zaidi. Jiwe la tanzanite huchomwa kwenye nyuzi kama 600 ili rangi ya kahawia igeuke buluu. Sayari yenye jina lake ni tanuri lenye moto mara tatu ya huo. Hakuna ardhi ya kukanyaga, na maji kule ni mvuke tu. Mwaka wake ni siku tatu kasoro, kwa hiyo mimi mwenye miaka 26 ningekuwa na zaidi ya 3,200 na bado sijaoa.

Na umbali? Nuru yake husafiri zaidi ya miaka 1,100 mpaka kutufikia. Nuru tunayoipokea leo iliondoka kule kabla msikiti wa Kizimkazi haujajengwa (maandishi ya kibla chake ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107). Kama kungekuwa na mtu kule mwenye darubini kamili, akaigeuzia kwetu, asingeiona Mpendae wala Michenzani. Angeiona Unguja Ukuu bado ni bandari, majahazi ya Ghuba yameegeshwa.

Lakini mtu huyo hayupo. Hilo ndilo lililonikwamisha. Mhariri anataka viumbe, na kwenye nyuzi 1,800 hata molekuli za mwili wangu haziwezi kushikana, achilia mbali kula na kuzaa. Nikajaribu kubuni mwezi unaozunguka Tanzanite, wenye maji na samaki. Nikasoma, nikakuta sayari iliyobanwa karibu na nyota namna ile ni vigumu sana kubaki na mwezi.

Kubuni kwenyewe si kugumu. Wenzetu wa kazi hii walishabuni zamani, tena wakatumia Afrika kama ushahidi. Agosti 1835 gazeti la Sun la New York lilianza kuchapisha mfululizo wa makala sita. Likasema Sir John Herschel, mtaalamu mkubwa wa nyota wa Kiingereza, akiwa na darubini mpya kabisa huko Rasi ya Tumaini Jema, ameona uhai mwezini. Herschel alikuwa kweli huko Cape Town, alikaa tangu 1834 mpaka 1838 akipima nyota za kusini. Mengine yote yalikuwa uzushi. Kulikuwa na mbuzi wa rangi ya buluu mwenye pembe moja, wanyama kama panya-maji wakubwa wanaotembea kwa miguu miwili na kuwasha moto vibandani mwao, watu wenye mbawa za popo, na hekalu la yakuti. Aliyeyaandika anajulikana kuwa Richard Adams Locke, mwandishi wa gazeti kama mimi. Gazeti liliuzwa kama samaki wa alfajiri Darajani. Herschel mwenyewe alizipata habari hizo baadaye kabisa, kwa sababu barua kutoka Marekani mpaka Rasi ilikuwa safari ya merikebu.

Angalia ujanja uliopo. Kwa nini Rasi? Kwa sababu msomaji wa New York asingeweza kwenda kuuliza. Afrika ilikuwa mbali karibu sawa na mwezi wenyewe. Hata lile hekalu la yakuti limenigusa, maana mhariri wangu naye alishaniambia mchoraji atie miji ya buluu, kwa sababu ya jina. Miaka karibu 190 imepita na bado tunajenga mahekalu ya vito.

Msinione namcheka Locke. Aprili 2025 watafiti wa Cambridge wakiongozwa na Nikku Madhusudhan walitangaza kwamba darubini ya James Webb imeona dalili za kemikali iitwayo dimethili salfaidi katika hewa ya sayari K2-18b, miaka 124 ya nuru kutoka hapa. Hapa duniani kemikali hiyo hutokana hasa na viumbe vidogo vya baharini. Ni sehemu ya harufu ile unayoipata maji yakitoka Jambiani na mwani umelala juani. Watafiti wenyewe walisema ushahidi haujatosha. Wenzao walipozichambua upya takwimu, wengi wakaona dalili ni dhaifu mno. Sasa nani alitafsiri habari ile kwa haraka saa 5 usiku, akafuta neno "huenda" kwenye sentensi ya kwanza, akaipa kichwa cha habari kinachosema uhai umepatikana? Mimi. Siku ya pili mwalimu wangu mmoja wa skuli alinipigia simu kwa furaha, alikuwa ameshawasomea wanafunzi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Namwambia leo, kama anasoma hapa: mwalimu, niwie radhi.

Nikiwa katika hali hiyo nikaenda kumtembelea babu yangu. Babu ni mtu wa Tunguu, ingawa siku hizi anakaa kwetu Mpendae kwa ajili ya sukari yake. Nikamweleza kazi niliyopewa, viumbe wa angani na kadhalika. Akacheka mpaka akakohoa. "Sie hayo tushayamaliza, mjukuu wangu. Tukiambiwa pale Tunguu kuna makombora, yamefukiwa chini. Tukipita tukipiga mbio."

Mimi nimesoma Chuo Kikuu cha Taifa, kampasi ya Tunguu, nimepanda gari za njia ya Makunduchi asubuhi na jioni kwa miaka mitatu. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Kisa chenyewe ni hiki. Wamarekani walipotaka kumpeleka mtu wao kuizunguka dunia, kwenye mradi walioupa jina la Mercury, walikuwa na tatizo la redio. Chombo kinachozunguka chini chini hakionekani na kituo kimoja kwa zaidi ya dakika chache. Wakatandaza vituo 18 ukanda wote wa dunia, nchi kavu na melini. Chombo kikiondoka Florida kinapita Bermuda, visiwa vya Canary, Kano huko Nigeria, halafu Zanzibar, kisha meli katika Bahari ya Hindi na kuendelea Australia. Oktoba 1960, mwezi ule ule aliofariki Sultani Khalifa bin Haroub, Uingereza ikatia saini na Marekani kwamba kituo kijengwe Unguja. Kikajengwa Tunguu.

Watu waliogopa, na usiwaone wajinga. Februari mwaka huo Ufaransa ilikuwa imelipua bomu la atomiki katika jangwa la Sahara. Mei, Warusi walitungua ndege ya kijasusi ya Marekani iliyokuwa ikiitwa ya kupima hali ya hewa. Sasa Mmarekani anakuja na minara yake Unguja anasema ni ya sayansi, na mwenye nchi hakuulizwa, ameulizwa Mwingereza. Hizbu walikipinga, hasa vijana waliokuwa wakimfuata Abdulrahman Babu, wakikiita kituo cha makombora kitakachotufanya tulengwe siku ya vita. Hoja yao ya pili naiona ilikuwa na uzito hata kama ya kwanza haikuwa kweli. Kombora halikuwapo, lakini haki ya kuulizwa nayo haikuwapo.

Ndani ya uzio kulikuwa na antena, mashine za kupokea taarifa, redio za kuzungumza na rubani, na daktari. Hiki kipande cha daktari ndicho kilichonifanya niache kubuni.

Kiumbe hai wa kwanza kuzunguka dunia huku akifuatiliwa na mtandao ule hakuwa mtu, alikuwa sokwe, jina lake Enos, tarehe 29 Novemba 1961, mizunguko miwili. (Jamaa zake wa Gombe wakati huo walikuwa wameanza kuzoeana na Jane Goodall, aliyefika huko mwaka mmoja kabla.) Kisha tarehe 20 Februari 1962 akaja John Glenn. Aliruka Florida saa 3 na dakika 47 asubuhi kwa saa za kule, ambayo kwetu ilikuwa karibu saa 12 jioni. Nimepiga hesabu kwenye kalenda ya Hijria na ile jioni ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1381. Baada ya kama nusu saa angani akaingia kwenye masafa ya Tunguu. Yaani watu wa Unguja wako jikoni, uji unapikwa, mbatata zinamenywa, imebaki kama nusu saa kuadhiniwa, na juu yao mtu mmoja ndani ya kopo la chuma anapita kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa. Tunguu wanamsikiliza. Daktari anatazama mapigo ya moyo wake na presha yake ya damu. Baada ya dakika chache anapotea upeo wa mashariki na kwenda kuliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi, mapema kuliko sisi.

Nimelifikiria hili sana. Nje ya uzio watu wanafikiria makombora, ndani ya uzio wanahesabu moyo wa mtu. Hicho ndicho kiumbe wa angani ambaye Unguja ilimsikia jioni ile, naye alikuwa Mmarekani wa Ohio mwenye miaka 40.

Glenn naye hakusalimika na tamaa ya viumbe. Jua lilipomchomozea juu ya Bahari ya Pasifiki akaona maelfu ya vitu vidogo vinavyong'aa vikielea kando ya dirisha lake. Akasema vinafanana na vimulimuli. Watu chini wakabaki na hamu, na inasemwa kwamba daktari wa akili aliyemhoji aliporudi alimuuliza hao vimulimuli walimwambia nini. Miezi mitatu baadaye, Mei 1962, mwenzake Scott Carpenter akapita njia ile ile. Akagonga ukuta wa chombo kwa mkono. Vimulimuli vikatawanyika wengi zaidi. Ilikuwa ni barafu, chembe za unyevu wa chombo chenyewe zilizoganda nje na kubanduka. Kiumbe wa angani aligunduliwa kuwa jasho la chombo.

Safari ya mwisho ya Mercury ilikuwa ya Gordon Cooper, Mei 1963, mizunguko 22. Akipita juu yetu alitoa salamu kwa viongozi wa Afrika waliokuwa wakikutana Addis Ababa kuunda umoja wao, akaitaja Zanzibar kwa jina. Miezi minane baadaye, 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Manowari ya Marekani, Manley, ikaja kuwachukua raia wao, wakiwamo watu wa Tunguu. Aprili serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondolewe, na kikaondolewa. Mwezi huo huo tukaungana na Tanganyika. Kazi ya Tunguu ikahamia Madagaska, kituo cha Tananarive. Oktoba nchi ikapata lile jina ambalo baadaye likawa la jiwe na baadaye la sayari.

Babu nilipomsomea yote haya alinyamaza kidogo. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Na yule alipopita, akituona?" Nikamwambia Glenn aliona taa za mji wa Perth, Australia, kwa sababu wenyeji waliziwasha makusudi usiku ule zimwonyeshe. Sisi hakuna aliyetwambia tuwashe. Na hata kama tungeambiwa, jua lilikuwa halijazama.

Juzi nimempelekea mhariri maneno yangu 800. Joto, uzito, mwaka wa siku tatu kasoro, Alrescha na kidole gumba, lenzi za Canon, vyote nimetia. Kwenye kifungu cha viumbe nimeandika: hakuna. Nikaongeza aya moja ya Tunguu na moyo wa Glenn, nikaomba mchoraji achore antena badala ya miji ya buluu. Mpaka naandika hapa hajanijibu, ila mchoraji kanipigia simu kuuliza antena za 1962 zilikuwaje.